Mtoto analala mdomo wazi, uso unarefuka, na nyumbani wanataka akatwe kimeo

SWALI

Shikamoo dokta. Naomba jina langu libaki kapuni maana wifi zangu wanasoma sana hizi safu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, na shida yangu ni huyu mkubwa, wa kiume, ana miaka 7 yuko darasa la pili. Huyu mtoto tangu mdogo analala mdomo wazi, mwanzoni tulikua tunasema amechoka na michezo, lakini saizi hata mchana akiwa anaandika au anaangalia katuni mdomo uko wazi tu, midomo imekauka mpaka inapasuka, nampaka mafuta ya mgando baada ya muda ishakauka tena. Usiku anakoroma mpaka sisi chumba cha pili tunamsikia, anajigeuza geuza, kichwa anakirudisha nyuma kabisa, na kuna wakati mkoromo unakata, kimya, halafu anashtuka anavuta pumzi kwa nguvu. Na kukojoa kitandani bado hajaacha.

Nimeamua kuandika baada ya kupitia picha zake kwenye simu, za akiwa na miaka mitatu na za mwaka huu, nikaona uso umebadilika kabisa, umerefuka, kidevu kama kimerudi nyuma, meno mapya ya juu yametokeza mbele na ya chini yamebanana, moja limepanda nyuma ya mwenzake.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema ni kimeo kirefu, anamjua mzee anayekata vizuri, eti tunaenda asubuhi mchana tumerudi. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo Dodoma kanitumia video za TikTok za mewing, kwamba mtoto abane ulimi juu taya litakaa sawa, na usiku nimbandike plasta mdomoni. Baba yake anasema tumuache, hicho ni kidevu cha ukoo wao, na kweli hata yeye kidevu chake ni kidogo. Mimi kazi yangu imekua ni funga mdomo, funga mdomo, mpaka juzi akalia akaniambia "mama nikifunga nakosa hewa".

Halafu mwalimu analalamika hatulii darasani, na akiitwa haitiki mpaka aitwe mara mbili tatu. Nyumbani hivyo hivyo, TV anaweka sauti juu mno. Sijui ni ukaidi umeanza.

Je nimeshachelewa? Na huyu mdogo wa mwaka mmoja na nusu ananyonya kidole, naogopa naye asije akaharibika uso.

Mama wa Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na katika yote uliyoandika maneno ya maana kuliko yote kayasema mtoto mwenyewe: nikifunga nakosa hewa. Mwamini. Hakuna mtoto anayechagua kupumua kwa mdomo mwaka mzima huku midomo inapasuka, mdomo uko wazi kwa sababu pua haipitishi, kwahiyo hilo la funga mdomo funga mdomo liache kuanzia leo na umwambie kabisa kwamba mama ameelewa. Kazi yetu sasa ni kutafuta nini kimeziba huko juu.

Kwa umri wake na hizo dalili, cha kwanza ninachokifikiria ni zile nyama zilizoko nyuma ya pua, juu ya koo, watu wengi wanaziita nyama za puani na madaktari wanaziita adenoidi. Kila mtoto anazaliwa nazo, ni sehemu ya kinga ya mwili, zinakua kubwa kwenye miaka kama 3 hadi 7 halafu zinaanza kusinyaa mpaka akifika ujana zinakua karibu zimeisha. Shida ni kwa wale ambao zinavimba kupita kiasi mpaka zinaziba njia ya hewa, mara nyingi zikiwa pamoja na mafindofindo, yani tonses. Sababu ya pili ni aleji, pua inavimba kwa ndani miezi na miezi. Watoto wengi wanakua na vyote viwili. Na kuna jambo dogo ambalo wazazi wanalipita: kama uchafu unatoka tundu moja tu la pua na unanuka, hapo fikiria kwamba kuna kitu kimeingizwa, shanga, punje ya hindi, kipande cha sponji, na kama kuna uwezekano ni betri ndogo ya saa au ya toi basi usisubiri hata kupambazuke, nenda hospitali usiku huo huo.

Sasa nikueleze kwanini uso unabadilika, maana hapa ndo watu wengi wanapotea na wewe umeona kwa macho yako mwenyewe. Mtu akipumua kwa pua mdomo ukiwa umefunga, ulimi unapumzika juu, umegusa kaakaa. Mashavu kazi yake ni kusukuma meno ya juu kwa ndani, muda wote, taratibu, na ulimi uko ndani unasukuma kwa nje, wanalingana. Mtoto akifungua mdomo apate hewa ulimi lazima ushuke chini kupisha njia, hauwezi kukaa juu na hewa ikapita hapo hapo. Basi mashavu yanabaki peke yake, taya la juu linakua jembamba, kaakaa linapanda juu linakua na shimo refu, meno yanakosa nafasi. Na kaakaa ndo sakafu ya pua, kwahiyo likibanwa na pua yenyewe inazidi kua nyembamba, mtoto anazidi kupumua kwa mdomo. Huku chini nako, taya likining'inia wazi masaa yote linakua kwa kuzunguka kwenda chini na nyuma badala ya kwenda mbele. Ndo maana unaona uso mrefu na kidevu kimerudi. Kidevu hakijapungua, kimeelekea kubaya.

Haya mambo sio ya jana. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen aliziandika adenoidi mwaka 1868, na mpaka leo madaktari wanatumia jina "uso wa adenoidi" kwa mtoto mwenye mdomo wazi, uso mrefu, weusi chini ya macho na kaakaa lililopanda. Miaka ya 1970 kule San Francisco mtafiti Egil Harvold aliziba pua za kima wachanga ili walazimike kupumua kwa mdomo, na kweli mataya na meno yao yakaenda kombo, lakini sio wote kwa namna moja, kila mmoja kutegemea alivyojifunza kuubeba ulimi na taya lake ili apate hewa. Na Sweden, Sten Linder-Aronson alichapisha mwaka 1970 kazi yake kuhusu watoto wenye adenoidi, na akaendelea kuwafuatilia waliotolewa, wale waliorudi kupumua kwa pua meno na mataya yakaanza kurudi taratibu kuelekea kawaida, ni mambo ya mwaka na miaka, sio wiki.

Hapo nimjibu na shemeji, baba yake mtoto. Shemeji hajakosea kabisa. Umbo la taya kwa sehemu kubwa linarithiwa, na kuna watoto wengi wana nyuso ndefu na pua zao ziko wazi kabisa, hawana tatizo lolote. Pia wale kima walizibwa pua moja kwa moja, mtoto wa kawaida pua haizibi yote. Kwahiyo sitakwambia kwamba kila kitu unachokiona kwenye hizo picha kimesababishwa na pua, inawezekana kabisa kidevu cha ukoo kipo na pua imeongezea. Lakini kukoroma mpaka chumba cha pili, pumzi kukatika, kukojoa kitandani kwa miaka 7, hivyo sio vya kusingizia ukoo peke yake shemeji. Hizo ni dalili za mtoto ambaye hewa inamkatikia usingizini, na hata angekua na kidevu kizuri kuliko watoto wote wa Tanga bado ningesema apelekwe hospitali. Na akikwambia zitasinyaa zenyewe akikua, mwambie ni kweli zitasinyaa, ila uso hausubiri, unakua sasa hivi, na akili yake inahitaji usingizi sasa hivi.

Hilo la kutotulia darasani nalo linaingia hapa hapa. Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia, mtoto yeye anachangamka vibaya, hakai kiti kimoja, anakua na hasira. Anaonekana mtundu kumbe amechoka.

Na sasa naomba unisikilize vizuri kwenye hili la kutoitika, maana umeliandika chini kabisa kama la kupita na mimi ndo limenishtua. Kuna kamrija kanatoka nyuma ya pua kanaenda kwenye sikio, ndo kanakoingiza hewa nyuma ya ngoma ya sikio. Adenoidi zikivimba zinakaziba, majimaji yanajaa ndani ya sikio, hayaumi, hakuna usaha, hakuna homa, mtoto anasikia tu kwa mbali. Hasemi kwa sababu hajui wengine wanasikiaje. Kwahiyo mtoto anayeongeza sauti ya TV na haitiki mpaka aitwe mara tatu sio mkaidi mpaka apimwe masikio. Mwambie na mwalimu, kwa upole, amkalishe dawati la mbele wakati mnashughulikia. Kama ameshawahi kuchapwa kwa kutoitika basi jamani naomba iwe mwisho.

Kabla hujaenda hospitali fanya mambo machache nyumbani, ukiwa nayo daktari atakuelewa haraka. Usiku akishalala vizuri, usingizi mzito, mrekodi kwa simu, video yenye sauti, dakika kadhaa, ivute shuka kifua kionekane, hiyo video ina thamani kuliko maelezo yako yote kwa sababu kliniki asubuhi mtoto yuko macho na anapumua vizuri tu. Mchana chukua kioo kidogo kikavu, kiweke chini ya pua huku amefunga mdomo, atoe hewa taratibu, uone ukungu unatokea pande mbili au upande mmoja au hakuna. Mwache pia akae ashike maji kidogo mdomoni bila kumeza, kama pua inapitisha atakaa dakika nzima bila shida, kama haipitishi atayameza au kuyatema mapema, usimlazimishe. Halafu mwambie apanue, mmulike na tochi ya simu uangalie juu: kaakaa la kawaida ni pana, limepinda kiasi kama mgongo wa kijiko, likiwa jembamba limeingia juu sana utaliona. Na mwangalie kama ana kamstari juu ya pua kwa kuisugua sana kwa kiganja, hiyo inaelekeza kwenye aleji.

Sasa kuhusu mama mkwe. Mama anampenda mjukuu wake na hilo la kimeo ndo alilolikuta, usimjibu kwa ukali. Ila jibu ni hapana, na hapo nakuomba usimame imara hata wifi wote wakinuna. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, hakizibi pua, hakikoromeshi mtoto wa miaka 7 kwa namna hii, na kukikata hakugusi adenoidi ambazo ziko juu na hata hazionekani ukimfungua mdomo. Kukatwa na mtu asiye daktari, na kifaa ambacho hujui kimetoka mdomoni mwa nani, kunaleta damu isiyokata, kuna pepopunda, kuna maambukizi ya damu, na watoto wamekufa kwa hili hapa hapa kwetu. Mwambie mama kwamba mtoto atatibiwa, tena atatibiwa koo na pua na daktari, na umuombe akusindikize siku ya kliniki. Akiiona picha ya eksirei yeye mwenyewe ataelewa.

Mdogo wako wa Dodoma naye ana nia njema. Kwenye hizo video kuna kipande cha kweli, kwamba ulimi mahali pake ni juu. Lakini kumwambia mtoto mwenye pua iliyoziba abane ulimi juu na afunge mdomo ni kumwambia aache kupumua, hawezi, na hakuna utafiti mzuri ulioonyesha kwamba kubana ulimi kwa makusudi kunabadilisha mfupa wa taya. Jina lenyewe limetokana na John Mew, daktari wa kupanga meno wa Uingereza, na mwanae Mike Mew ndo aliyezisambaza sana mtandaoni, na huyo Mike baraza la madaktari wa meno la Uingereza lilimfuta kwenye rejista mwaka 2024 kutokana na namna alivyotibu watoto. Plasta mdomoni ndo kabisa usithubutu. Mtoto ambaye pumzi zinamkatikia usiku ukamziba njia pekee iliyobaki, akitapika je?

Njia yenu iwe hii: anza hospitali ya Bombo hapo Tanga, mweleze daktari dalili zote na umwonyeshe video, omba rufaa ya daktari wa pua, koo na masikio, ambao watu wengi wanawaita ENT, ikibidi mpelekwe hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Atapiga eksirei ya shingo kwa ubavu au atapitisha kamera nyembamba puani, ataangalia tonses, na wewe usiondoke bila masikio kupimwa, kumbusha mwenyewe. Kama ni aleji au uvimbe wa wastani anaweza kuanza na dawa ya steroidi ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa, usiogope neno steroidi, zinafanya kazi hapo hapo puani na hata adenoidi huwa zinapungua. Inatakiwa uvumilivu, haifanyi kazi siku ya kwanza. Ile dawa ya matone ya kuzibua pua inayouzwa famasi bila cheti usiigeuze ya kila siku, ikipita siku chache pua inazoea na ikiisha nguvu inaziba zaidi ya mwanzo. Nyumbani msafishe pua kwa maji ya chumvi, yawe yaliyochemshwa yakapoa, fua mashuka kwa maji ya moto, anika godoro juani, na ile dawa ya mbu ya moshi iondoke chumbani kwake, mpe chandarua. Kama mnapikia mkaa, asilale karibu na jiko.

Kama daktari akisema zitolewe, usitishike. Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, wanazitoa kupitia mdomoni, hakuna kidonda cha nje, watoto wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakitoa na tonses koo litauma wiki moja mpaka mbili, na katika siku hizo ukiona damu mdomoni rudi hospitali mbio, usipeleke kesho. Marekani walichapisha utafiti mwaka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokua wanakatika pumzi usingizini, wengine wakatolewa adenoidi na tonses mapema wengine wakasubiri kwa uangalizi, baada ya miezi 7 waliofanyiwa upasuaji 79% usingizi ulikua umerudi sawa, waliosubiri 46%. Kwahiyo kuna wanaopona wenyewe, ndo maana sikulazimishi kisu kabla daktari hajamwona, na kwenye mtihani wa umakini makundi mawili hayakutofautiana sana. Lakini tabia na maisha ya kila siku ya waliofanyiwa yalikua mazuri zaidi, wazazi na walimu wote waliliona.

Umeuliza kama umechelewa. Hapana, na nakwambia hivi kwa moyo wote. Miaka 7 ndo umri ambao madaktari wa kupanga meno wenyewe wanapenda kumwona mtoto mara ya kwanza, meno mapya yameanza na taya bado ni laini. Taya la juu ni vipande viwili vilivyokutana katikati ya kaakaa, na ule mshono haujakaza mpaka ujanani. Kwahiyo pua ikishafunguka, kama kaakaa bado limebana, kuna kifaa kinafungwa kwenye meno ya juu, kina skrubu katikati, wanakupa kifunguo kidogo unazungusha nyumbani, kila mzunguko robo milimita, na taya linatanuka kweli, meno yanapata nafasi. Akishakua mkubwa mshono ukakaza, kazi hiyo hiyo inaweza kuhitaji upasuaji. Sitakuficha, madaktari hawa ni wachache, na ni gharama, kwahiyo ulizia mapema Muhimbili. Ila usianze na meno. Ukipanga meno huku pua imeziba, ulimi utabaki chini na meno yana tabia ya kurudi.

Baada ya matibabu anaweza kuendelea kuacha mdomo wazi kwa mazoea tu, mkumbushe kwa ishara mliyokubaliana wawili, mguse kidevu kidogo, sio kwa kumkaripia mbele ya watu. Mpe na vitu vya kutafuna, muwa, mahindi ya kuchoma, misuli ya taya inahitaji kazi. Hiyo haitibu pua lakini ni nzuri kwa mtoto yeyote.

Na huyo mdogo, kidole kwa mwaka mmoja na nusu ni kawaida kabisa, wengi wanaacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Kinachoharibu ni kunyonya kwa nguvu, masaa mengi, mpaka baada ya miaka 4, hapo meno ya mbele yanaachana na kaakaa linabanwa. Usimpake pilipili wala shubiri, wala usimfunge mkono, mshikishe tu kitu kingine akiwa macho na ukitoe taratibu akishasinzia. Ila ukimwona naye analala mdomo wazi wiki baada ya wiki na hana mafua, basi mbebe na yeye siku unayompeleka kaka yake.